Kisukari kimejaa upande wa mama, je na mimi kipo kwenye damu yangu?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga, ana miaka 34, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Bibi mzaa mama alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari na baadae akafariki, mama kagundulika nacho akiwa na miaka 51, wajomba wawili nao wanacho. Mimi ni mwembamba, kaka yangu ni mnene ila hana shida. Mama mkubwa anasema kisukari chetu ni cha ukoo, kipo kwenye damu, kila mtu asubiri zamu yake. Dada yangu yuko Muscat anataka kunilipia kile kipimo cha DNA cha kutema mate kwenye kichupa kinatumwa nje. Je nitapata kweli? Na hicho kipimo nifanye?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa bibi, najua kukatwa mguu nyumbani kunaacha hofu ambayo haiishi hata miaka ikipita. Nakujibu kwa urefu kwa sababu maneno ya mama mkubwa nayasikia karibu kila wiki, na kuna nusu ya ukweli ndani yake, sasa nusu ya ukweli ndio inayowaumiza watu wengi maana mtu anakata tamaa anaacha hata kupima.

Jibu fupi ni kwamba hakuna zamu. Una hatari kubwa kuliko mtu ambaye kwao hakuna kisukari, hilo sikufichi. Kuna utafiti maarufu wa mji wa Framingham kule Marekani, waliwafuatilia wazazi na watoto wao, wakakuta mtu mwenye mzazi mmoja mwenye kisukari cha aina ya pili, kile cha kawaida cha watu wazima, hatari yake ni kama mara 3 na nusu ukilinganisha na yule ambaye wazazi wote hawana, na wazazi wote wawili wakiwa nacho inafika kama mara 6. Hujasema baba yako yukoje, kwa hiyo nakuweka kwenye kundi la mzazi mmoja. Sasa mara 3 na nusu ni kubwa, ila usisahau mzazi anakurithisha vinasaba na jiko vilevile. Mama ndio aliyekufundisha chai inatiwa vijiko vingapi vya sukari, wali nazi unapakuliwa kiasi gani, jioni mnatembea au mnakaa barazani. Kwa hiyo ile mara 3 na nusu ndani yake kuna damu na kuna sufuria, na kuzitenganisha ndio kazi iliyotuchukua sisi wa jenetiki miaka mingi.

Ngoja nikueleze ndani ya damu kuna nini. Vinasaba vyako ni kama maandishi marefu mno, herufi bilioni 3 kutoka kwa mama na bilioni 3 kutoka kwa baba. Binadamu wote tunafanana karibu kila herufi, lakini ukimchukua mtu yeyote ukamlinganisha na ramani ya mfano wanayotumia wanasayansi utakuta anatofautiana nayo sehemu kama milioni 4 mpaka 5, na sisi Waafrika tuko juu kwenye hizo tofauti kwa sababu watu wameishi Afrika muda mrefu kuliko kwingine kokote. Nyingi ya tofauti hizo hazifanyi kitu chochote. Chache zinabadilisha kidogo namna mwili unavyofanya kazi, yaani kidogo kweli, kongosho linatoa insulini pungufu kiasi fulani, au njaa inachelewa kukatika, au mafuta yanapenda kukaa tumboni badala ya mapajani.

Hapo ndio kisukari cha aina ya pili kinapoachana na sikoseli. Sikoseli ni herufi moja tu imebadilika kwenye jeni moja, yaani kipande kimoja cha yale maandishi, ukirithi kutoka kwa baba na mama wote wawili unaumwa, hesabu yake unaweza kuiandika kwenye kiganja. Kisukari cha aina ya pili hakina jeni yake moja. Utafiti mkubwa uliotoka 2024 ulikusanya watu zaidi ya milioni 2.5, kati yao zaidi ya 428,000 wenye kisukari, ukapata sehemu 611 kwenye vinasaba zinazohusika. Mia sita na kumi na moja! Na kila moja inachangia punje. Mfikirie mtu anajaza kibaba kwa punje za mchele, hakuna punje moja utakayoinyooshea kidole useme hii ndio imefanya kibaba kimwagike, ni haba na haba, na zaidi ya punje za vinasaba kuna mchele mwingine unaomiminwa kutoka nje, uzito, chakula, kukaa sana, usingizi mbovu, umri. Presha ni hivyohivyo, utafiti wa 2018 wa watu zaidi ya milioni moja ulifikisha sehemu zilizojulikana kuwa zaidi ya 900.

Ile punje kubwa kuliko zote za kisukari cha kawaida iko kwenye jeni inayoitwa TCF7L2, iligunduliwa 2006 na watafiti wa Iceland na baadae ikaonekana karibu kila walikotafuta, Afrika Magharibi ikiwemo. Hiyo ndio kubwa, sasa sikia ukubwa wake. Jeni hiyo ina toleo la kawaida na toleo la hatari. Chukua watu 100 ambao bila toleo la hatari 10 kati yao wangepata kisukari, wote wakibeba nakala moja watakaopata watakuwa kama 13 au 14, wakibeba nakala mbili watakuwa kama 18. Maana yake wenye nakala mbili, yaani walioshika karata mbaya kuliko zote kwenye jeni hiyo, 82 kati ya 100 bado hawapati. Hiyo ndio nguvu ya jeni yenye nguvu kuliko zote, zinazobaki ni ndogo zaidi ya hapo.

Ndio maana wewe na kaka yako hamfanani. Kila mtoto anapewa nusu ya vinasaba vya mama na nusu ya baba lakini sio nusu ileile, ni kama karata zinachanganywa upya kila mimba, unaweza ukapata punje nyingi za hatari na ndugu yako wa tumbo moja akapata chache. Wembamba wako pia usikupe usingizi. Kuna watafiti wa Uganda wamewaangalia kwa karibu wagonjwa wa kisukari wasio wanene, na wako wengi tu, shida yao kubwa ni kongosho kutoa insulini kidogo, sio mafuta kuizuia isifanye kazi. Mtu anaweza kuvaa nguo ileile tangu ameolewa na sukari inapanda taratibu.

Sasa hiki kinachoitwa ukoo. Nataka nikupe mfano ambao huwa nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka maana unanigusa. Wako watu wanaitwa Wapima, wenyeji wa asili wa Amerika, wamegawanyika na mpaka, wengine wako Arizona Marekani na wengine milimani Mexico kwenye kijiji cha Maycoba. Vinasaba vyao vinafanana sana, ni ndugu. Wa Arizona walijulikana dunia nzima kwa kuwa na kisukari kupita kiasi, watu wakasema ni damu yao. Walipopima pande zote mbili, matokeo yakatoka 2006: Arizona 38%, Mexico 6.9%. Ndugu wale wale! Wa Mexico walikuwa wanalima kwa mikono, wanatembea, wanakula maharage na mahindi yao, wa Arizona walishapoteza maji ya mashamba yao zamani wakabaki na chakula cha dukani. Damu ipo, na inahesabika, kwa sababu hata Arizona sio kila mtu anapata kisukari akila chakula kilekile, lakini damu peke yake haikufika popote mpaka mazingira yalipoipa nafasi.

Na hapa kwetu tunao mfano wa presha. Watafiti waliwafuatilia Waluo waliohama vijijini magharibi ya Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani, matokeo yakachapishwa 1990. Presha za waliohama zilikuwa juu kuliko za waliobaki na ilianza kuonekana mapema tu baada ya kufika mjini, haikusubiri miaka kumi. Mkojo wao ulikuwa na chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo, yaani ule mlo wa mboga za majani na viazi vya nyumbani umeondoka umekuja unga wa dukani na chumvi ya mjini, na uzito ukapanda. Mtu habadilishi vinasaba vyake ndani ya basi la kwenda Nairobi.

Turudi kwenye swali lako la DNA. Ushauri wangu usifanye, mshukuru dada kwa moyo wake lakini hiyo hela ina kazi nyingine nitakayokuambia. Sababu ni hii. Vile vipimo vya kutema mate havisomi maandishi yote bilioni 3, vinasoma alama zilizochaguliwa halafu vinajumlisha pointi. Ni kama unavyomwelekeza mgeni nyumba kwenu, unamwambia ukifika kwenye mwembe nyumba inayofuata ndio yenyewe. Kipimo kinatafuta mwembe, nyumba yenyewe hakiioni. Kwa Wazungu mwembe na nyumba vimekuwa pamoja vizazi na vizazi kwa hiyo ukiona mwembe nyumba ipo. Kwetu sisi, kwa sababu vizazi ni vingi zaidi na vinasaba vimechanganywa mara nyingi zaidi, mwembe uko mtaa huu na nyumba imehamia mtaa wa pili. Na waliochora ramani ya miembe walichora Ulaya. Hesabu iliyochapishwa 2019 ilionyesha watu 79 kati ya kila 100 walioshiriki kwenye tafiti za aina hii wana asili ya Ulaya, na ile alama ya jumla ya hatari ilipojaribiwa kwa watu wenye asili ya Afrika usahihi wake ulishuka kama mara 4 na nusu. Kwa hiyo utatuma mate Ulaya, utaletewa grafu nzuri ya rangi rangi, itasema uko chini ya wastani au juu ya wastani, na mimi nikiishika mkononi sitabadilisha chochote kwenye matibabu yako. Mama yako kuwa na kisukari kunaniambia zaidi kuliko ile karatasi.

Hilo linarekebishwa, nisikuvunje moyo. Kule kusini magharibi mwa Uganda, Kyamulibwa, wanakijiji zaidi ya 6,000 wametoa damu zao zikasomwa vinasaba na matokeo yakatoka 2019, na mwaka huohuo utafiti mwingine wa watu zaidi ya 5,000 wa Nigeria, Ghana na Kenya ulipata jeni ya kisukari inayoitwa ZRANB3 ambayo Ulaya haikuwa imeonekana. Kazi inaendelea, ila haijafika dirishani kwako.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijaona likiandikwa kwa Kiswahili na ndio hasa lililonifanya nikae niandike jibu refu, kwa sababu kwako wewe wa pwani linaweza kuwa na uzito kuliko zile sehemu zote 611. Sisi babu zetu wameishi na malaria maelfu ya miaka. Malaria imeua watoto wengi sana kiasi kwamba waliobaki wengi ni wale waliokuwa na kitu kwenye damu kinachomzuia yule mdudu. Mtu mwenye nakala moja ya sikoseli, haumwi, ila amekingwa sana na malaria kali, na hilo daktari Anthony Allison aliyekulia Kenya alilionyesha 1954. Kilifi kuna damu ya aina inaitwa Dantu, ngozi ya chembe nyekundu inakuwa imekaza zaidi mdudu anashindwa kuingia, nakala moja inapunguza hatari ya malaria kali kwa kama 40% na mbili kama 70%. Kuna upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, kuna alfa thalasemia, hitilafu ya kutengeneza hemoglobini. Hizi ni tofauti za vinasaba zilizotuokoa, kwa hiyo mtu asikwambie damu yako ni mbovu.

Shida inakuja kwenye kipimo. Ile HbA1c ambayo wengi tunaiita sukari ya miezi 3 inapima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na inahesabu kwamba chembe inaishi kama siku 120. Kama chembe zako zinakufa mapema sukari haipati muda wa kuganda, kipimo kinatoka chini, mtu anaambiwa uko sawa kumbe hayuko sawa. Utafiti wa 2017 wa Wamarekani weusi ulionyesha upungufu wa G6PD unashusha kipimo hicho kiasi kwamba kama 2% ya wenye kisukari wangekosekana kwa kutegemea HbA1c peke yake, na mwaka huohuo ikaonyeshwa kwamba wenye nakala moja ya sikoseli nao HbA1c yao inasoma chini kuliko sukari yao halisi. Na wale wanakijiji wa Uganda niliowataja, moja ya mambo yaliyojitokeza ni alfa thalasemia kuhusishwa na kipimo hikihiki.

Niliwahi kuletewa baba mmoja wa miaka 46, fundi wa baiskeli, kiu usiku kucha, anaamka kukojoa mara nne, kapungua mpaka mkanda ametoboa tundu mpya. Alishapima HbA1c sehemu fulani mara mbili, mara ya kwanza 6.0% mara ya pili 6.1%, mpaka wa kisukari kwa kipimo hicho ni 6.5%, akaambiwa huna kisukari punguza tu mawazo. Nikamwambia kesho njoo hujala. Sukari ya asubuhi ikatoka 8.2 mmol/L, tukarudia wiki iliyofuata 8.4, na mpaka ni 7.0. Nikamuuliza kuna dawa yoyote imewahi kukusumbua, akafikiri sana akasema alipokuwa mdogo alipewa vidonge mkojo ukawa mweusi kama soda ya kola akaongezewa damu. Tukampima G6PD, ikatoka iko chini. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya X kwa hiyo wanaume ndio inawakamata zaidi, mwanamke ana X mbili moja inambeba. Yule baba alikuwa amezunguka na kisukari mwaka na nusu huku ana karatasi mfukoni inayosema hana. Bado naiona ile karatasi ilivyokuwa imekunjwa mara nne kwa uangalifu.

Kwa hiyo wewe usipime HbA1c peke yake. Pima sukari ya asubuhi kabla hujala wala kunywa chai, ukiwa umekaa masaa 8 bila chakula, maji ruksa. Chini ya 6.1 mmol/L iko vizuri, 6.1 mpaka 6.9 umeanza kuelekea huko na ndio wakati mzuri kuliko wote wa kuchukua hatua, 7.0 na kuendelea unarudia siku nyingine, ikirudi hivyohivyo ni kisukari. Kwa historia yenu ningependa upime kila mwaka. Na kama umewahi kubeba mimba ukaambiwa sukari iko juu, au ulijifungua mtoto wa zaidi ya kilo 4, mwambie daktari, maana waliopata kisukari cha mimba hatari yao baadae ni zaidi ya mara 7 na kitu hicho kina uzito mkubwa kuliko jeni yoyote niliyoitaja.

Waulize pia wajomba waligundulika wakiwa na umri gani. Ikiwa kuna mtu kwenu alipata chini ya miaka 25 akiwa mwembamba, na mzazi wake hivyohivyo, kuna aina ya nadra ya kisukari inayotokana na jeni moja tu inayoitwa MODY, hiyo ndio ingekuwa na haja ya kipimo cha vinasaba cha kweli, kinachoagizwa na daktari, kwa sababu kuna aina zake zinatibika kwa vidonge vya kawaida mtu aliyekuwa anajichoma sindano. Kwa mama kuanza na 51 sioni dalili hiyo.

Na kuhusu mguu wa bibi, na figo kama na zenyewe zilisumbua, watu wengi siku hizi wanasoma kuhusu jeni ya APOL1 inayoharibu figo kwa watu weusi, iligunduliwa 2010, inamkinga mtu na malale ya mbung'o lakini nakala mbili zinaongeza hatari ya figo. Imejaa sana Afrika Magharibi, kwetu mashariki iko chini zaidi, na hata wenye nakala mbili wengi wao figo haziwafi. Figo na miguu vya mwenye kisukari vinaumizwa kwanza na sukari na presha zisizodhibitiwa, kwa hiyo mama yako apimwe mkojo na akaguliwe nyayo kila akienda kliniki, asisubiri kidonda.

Sasa unaweza kufanya nini na hizo punje ulizorithi? Hapa ndipo penye habari ninayoipenda kuliko zote. Marekani walichukua watu 3,234 ambao sukari yao imeanza kupanda, wakawagawa, kundi moja likasaidiwa kupunguza uzito kwa 7% na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, kutembea haraka tu kunatosha. Matokeo ya 2002, kundi hilo kisukari kilipungua kwa 58% kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa, na waliomeza metformin, dawa ya kisukari, kilipungua kwa 31%. Halafu 2006 wakarudi kwenye damu zilezile wakaangalia TCF7L2. Wenye nakala mbili za hatari ambao hawakusaidiwa walipata kisukari kama 80% zaidi ya wasio nazo. Wenye nakala mbili hizohizo waliotembea na kupunguza uzito, ile tofauti ilikuwa karibu kuisha, ilibaki kama 15%. Yaani waliorithi vibaya zaidi wakitembea wanaambulia sana. Wewe ni mwembamba huna 7% ya kupunguza, ila dakika 150 unazo, na Tanga ni mji wa baiskeli, hilo usiniambie huliwezi. Punguza sukari ya kwenye chai na soda, wali upakue nusu ya unavyopakua sasa mboga na maharage vichukue nafasi, misuli ikifanya kazi inachukua sukari hata kongosho likiwa dhaifu.

Na usidhani kila punje ni ya hatari. Dallas, Texas, waligundua kwamba karibu Wamarekani weusi 3 kati ya 100 wana hitilafu kwenye jeni ya PCSK9 inayofanya kolestro yao iwe chini maisha yote, na magonjwa ya mishipa ya moyo kwao yalikuwa yamepungua kwa 88%. Akapatikana na mama mmoja wa Zimbabwe, alikuja kliniki ya wajawazito tu, ana hitilafu hiyo pande zote mbili, kolestro mbaya karibu hamna, na afya yake nzuri. Kutokana na watu hao zikatengenezwa sindano za kushusha kolestro zilizoidhinishwa 2015. Hivyo ndivyo damu zetu zinavyoweza kusaidia zikisomwa, ndio maana nawaombea sana wale wanaofanya kazi hiyo Uganda, Kilifi na Muhimbili.

Hela ya dada wa Muscat mwambie anunue mashine ya kupimia sukari na vipande vyake vya kutosha, vipande ndio ghali na ndio vinavyoisha, mama apime nyumbani na nyie mpime asubuhi moja mkiwa wote. Na kaka usimwache. Umeniandikia kaka ni mnene ila hana shida, hujaniandikia kwamba amepimwa. Kati yenu nyote nyumbani, huyo ndio ningependa apimwe wa kwanza.